Kimya cha mpangaji si ridhaa



Eneo la uboreshaji wa biashara ni kipande cha mji ambacho wenye majengo wake hulipa tozo ya ziada, juu ya kodi ya kawaida ya majengo, ili fedha hizo zirudi kutumika mtaani hapohapo: kufagia, kuzoa taka, kuongeza taa na walinzi, kuyatangaza maduka. Jiji huikusanya tozo hiyo pamoja na kodi nyingine, kisha huikabidhi kwa chama kinachoendesha eneo. Ikishapitishwa, hakuna wa kusema hatoi. Kwa hiyo swali la nani anaulizwa kabla haijapitishwa ndilo zito kuliko yote, na jijini New York, ambako maeneo ya aina hii yamezidi 70, swali hilo limejibiwa kwa namna inayowaumiza walipaji wenyewe.

Mpango huu ulizaliwa na wenye maduka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaa wa Bloor West Village, Toronto, Kanada, ulikuwa umepigwa mara mbili: treni ya chini ya ardhi iliwaondoa wapita njia mbele ya madirisha ya maduka, na maduka makubwa ya pembezoni, yenye maegesho mapana, yakawavuta wateja waliobaki. Wafanyabiashara walikuwa na umoja wao wa hiari, lakini mchango wa hiari una tabia yake: watatu wanatoa, wa nne anamulikiwa na taa za wenzake bila kutoa senti. Ndipo ikatafutwa sheria ya kumfanya kila mmoja alipe, na mwaka 1970 eneo la kwanza duniani likaundwa. Jimbo la Ontario, uliko mji huo, halikumsahau mpangaji. Sheria yake inamtaka mwenye jengo aliyepokea ilani ya kuundwa kwa eneo ampelekee nakala, ndani ya siku 30, kila mpangaji anayebeba sehemu ya kodi ya jengo, na pingamizi la mpangaji huyo huhesabiwa pamoja na la mwenye jengo.

New York ilipata eneo lake la kwanza mwaka 1984, karibu na Union Square. Njia ya kuunda eneo ni ndefu. Kamati ya wenyeji huchora mpaka, huandika mpango wa huduma na bajeti, hutafuta saini za kuunga mkono, kisha mpango hupita mikononi mwa bodi ya mtaa, tume ya mipango miji, Baraza la Jiji na meya. Baraza huitisha kikao cha wazi. Yeyote aweza kusimama na kusema, mwenye jengo au mwenye genge la mboga. Kikao kikishafungwa huanza siku 30 za pingamizi la maandishi, na hapo mlango hugeuka mwembamba: pingamizi linaloweza kuuzuia mpango ni la wenye majengo peke yao, nalo halina nguvu mpaka wafikie asilimia 51 ya idadi yao, au wawe wanamiliki asilimia 51 ya thamani ya majengo yote ya eneo.

Maana yake ni kwamba aliyenyamaza amehesabiwa upande wa waliokubali. Mwenye jengo anayeishi jimbo jingine na hakufungua barua, amekubali. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki husema kimya cha bibi harusi ndiyo ridhaa yake, lakini hata bibi harusi huulizwa kwanza, tena mbele ya mashahidi. Mpangaji wa duka hafiki hata hapo. Akinyamaza au akipiga kelele, hesabu ni ileile.

Lakini mlipaji mara nyingi ni yeye. Mikataba mingi ya upangaji wa maduka ina kifungu kifupi, katikati ya kurasa ambazo watu husaini bila kuzisoma, kinachosema kuwa kodi na tozo zote zitakazoongezeka juu ya jengo zitabebwa na mpangaji. Msomaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, aliyewahi kutoa kilemba ili apate fremu anajua uchungu wa kutoa fedha zisizompa sauti yoyote. Kinyozi mwenye viti viwili, au fundi cherehani mwenye mlango mmoja, huletewa bili yenye mstari mpya na kuambiwa ni ya usafi. Kabla ya hapo alikuwa akiamka mapema kufagia mwenyewe mbele ya mlango wake, kwa sababu jiji linamdai afagie.

Hakuna anayesema maeneo haya hayana faida. Bustani ya Bryant Park, nyuma ya maktaba kuu ya New York, ilikuwa uwanja wa wauza dawa za kulevya. Ilifungwa mwaka 1988, ikafunguliwa upya mwaka 1992, na leo watu hula chakula cha mchana pale kwenye viti visivyofungwa minyororo. Kazi hiyo iliendeshwa na kugharimiwa kwa sehemu kupitia mpango wa namna hii. Ila pale Manhattan wenye majengo ni makampuni ya maghorofa, na faida ya bustani huonekana kwenye kodi wanayopokea wao. Mambo si hivyo katika wilaya ya Queens, kwenye Roosevelt Avenue, ambako reli ya treni namba 7 imejengwa juu ya barabara, na treni ikipita mazungumzo dukani husimama mpaka behewa la mwisho liishe. Huko ni maduka madogo ya wahamiaji, na nje yao wachuuzi wa matunda na vyakula. Mpango wa kupanua eneo la Jackson Heights kuelekea Corona ulipoletwa mwaka 2013, wapangaji na wachuuzi waliupinga kwa maandamano na vikao. Hofu yao ilikuwa wazi: mtaa ukipendeza kodi itapanda, na wao watakuwa wamelipia kuondolewa kwao. Mpango huo haukufika mwisho. Ulizuiwa kwa kelele za barabarani, kwa kuwa sheria haikuwapa wapinzani hao pa kuandika hapana.

Mahakamani nako hakujawa na msaada. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua, katika kesi ya eneo la Grand Central, Manhattan, kwamba chama cha aina hii si serikali ya kawaida, hivyo wenye majengo wanaweza kupewa kura nzito kuliko wakazi. Ndani ya bodi ya chama hicho, sheria ya jimbo la New York inataka wenye majengo wawe wengi; wapangaji huwakilishwa, lakini kwa uchache. Tena eneo likishaundwa halina tarehe ya kwisha. Uingereza, iliyoanza mwaka 2005 kwa mji wa Kingston upon Thames, ilichagua njia nyingine: wapiga kura ni wale wanaotozwa, yaani wanaoendesha biashara humo; kura hushinda kwa idadi na kwa thamani ya majengo kwa pamoja; na baada ya miaka isiyozidi 5 lazima ipigwe upya. Ina kasoro zake, kwani wachache wakijitokeza, wachache huamua. Walakini wameulizwa.

Kubadili hesabu ya pingamizi ni kazi ya wabunge wa jimbo, huko Albany, nayo imekawia. Baraza la Jiji halina sababu ya kuwasubiri, kwa kuwa hakuna mpango unaopita bila kura yake. Linaweza kuukataa kila mpango unaoletwa bila orodha ya wapangaji iliyochukuliwa mlango kwa mlango, kwa lugha anayoielewa mwenye duka, ikionyesha aliyekubali, aliyekataa, na yule aliyekutwa amefunga. Huyo wa mwisho arudiwe.