Aniverseri ya mtoto iwe ya mtoto: mchezo kwanza, gato baadaye

Siku ya posho iliyopita nilialikwa kwenye aniverseri ya mtoto aliyetimiza miaka minne, mtaani Ndosho, hapa Goma. Nilifika saa tisa. Nilikuta bafle mbili za kukodi, viti vya plastiki, kreti za bia na za sukre, na mpiga picha. Watoto walikuwa wameketishwa kwenye mkeka kando ya ukuta, wamevaa vizuri, wakiambiwa kila mara wasichafuke. Muziki ulikuwa wa watu wakubwa. Gato ilikatwa saa kumi na mbili kasoro, wakati mwenye siku yake alikuwa amekwisha kulala mgongoni kwa shangazi. Wakamwamsha kwa ajili ya foto. Akalia.

Na juu ya ukuta wa mawe ya volkano niliona vichwa vya watoto wengine, watano au sita, wakitazama. Ni watoto wa familia zilizokimbia vita huko Masisi. Tangu kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, kuna familia zilizobaki mjini, zinalala kwa watu, ndani ya vyumba vya nyuma. Hakuna aliyewafukuza watoto hao. Hakuna aliyewaita pia.

Wazazi wenzangu, mimi sipingi sherehe. Ninapinga kumtumia mtoto kama tiketi ya kunywa bia. Tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, kila mmoja wetu anajua namna pesa ilivyo ngumu. Halafu tunaichoma kwa bafle, na yule tunayemsherehekea anapata kipande cha gato akiwa usingizini. Mtoto wa miaka minne hajui bei ya gato. Anachojua ni kama alicheza au hakucheza.

Kuna mama mmoja aliniambia pale pale: «Sasa wewe, watu wanalia na vita, tutachezaje?» Neno lake ni zito. Kama jirani ana kilio, unaahirisha, hilo halina mjadala. Lakini tukingoja vita viishe ndipo watoto wacheze, watakuwa wamekwisha kuota ndevu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto, wa mwaka 1989, unasema wazi katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nchi yetu iliutia sahihi na kuukubali. Haukuandika kwamba haki hiyo inasimama risasi zikilia.

Basi tupange namna gani? Tuanze na saa. Kwa watoto wa miaka mitatu mpaka sita, saa moja na nusu inatosha. Anza saa nane na nusu, maliza saa kumi, ili kila mtoto afike kwao mapema, jua likiwa bado juu. Usiku wetu tunaujua.

Kisha mahali. Goma tunaishi juu ya mawe makali, na mtoto akianguka anachanika goti. Fagia, okota chupa zilizovunjika, tandika shitingi au kikwembe cha zamani. Na hapa nasema kwa sauti ya redio kabisa: kama mnaenda kwenye uwanja wazi, mtu mzima apite kwanza. Baada ya mapigano, vyuma vya ajabu vimebaki katika vichaka na mashamba. Mtoto asiguse, asipige teke, asirushe jiwe. Arudi kwa njia aliyopitia, aite mtu mkubwa. Mwambieni hivyo kabla ya mchezo kuanza, siyo baada.

Jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii: baloni za kupuliza. Zinapendeza, lakini zikipasuka zinalia kama risasi. Nimeona mtoto wa miaka mitano akiingia chini ya meza, akikataa kutoka, sherehe ikaishia hapo kwake. Mwenye nyumba hakuwa na nia mbaya. Ila kama umealika watoto waliotoka Sake au Masisi, au hata watoto wetu wa hapa waliosikia mabomu ya Januari 2025, weka karatasi za rangi, weka maua, acha baloni dukani.

Michezo yenyewe haihitaji franka. Anza na ile ya kukimbia, kwani watoto wanafika na nguvu. Kuviringisha tairi kuukuu kwa kijiti kutoka hapa mpaka pale. Mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba, ambao hauvunji kioo cha mtu. Wasichana wenye miaka saba na zaidi watajipangia nzango wenyewe, mistari miwili, makofi na nyimbo na miguu inarushwa, na wewe huna la kuwafundisha. Wavulana nao wakitaka kuingia, waacheni.

Wakianza kuchoka, washa muziki kwenye simu, wacheze. Ukiuzima, kila mmoja anasimama kama mti. Anayetikisika hatolewi nje, anakuja kushika simu na kuzima zamu inayofuata. Nilijaribu hivyo na wadogo zangu, na kila mmoja akaanza kutikisika makusudi ili apewe simu. Vizuri tu. Kutoa mtoto wa miaka mitatu nje ya mchezo ni kutafuta kilio cha bure, na zawadi pia ni hivyo: kila mtoto apate biskwiti moja, ama hakuna anayepata. Michezo ya kumwagiana maji iacheni kwa watu wenye bomba. Sisi wengine maji tunayabeba kwa bidoni.

Mwishoni wakae chini, bibi awapigie hadisi. Hapo ndipo mnanawa mikono kwa sabuni, wote, maana kipindupindu hakiheshimu aniverseri, kisha mnakula. Gato ikikosekana, mandazi yanatosha. Mshumaa ukae juu ya andazi, mtoto apulize. Foto itakuwa nzuri vilevile.

Nirudi kwa vichwa vile vya ukutani. Baada ya sherehe nilipita upande wa pili nikamuuliza mama yao: huyu mdogo alizaliwa lini? Akaniambia, «Wakati wa kuvuna maharagwe, ule mwaka tulikimbia mara ya kwanza.» Tarehe hana. Karatasi hana. Kwa sheria yetu, mtoto anaandikishwa bila kulipa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na zikipita, njia inapitia tribinali. Nani anahesabu siku 90 akiwa njiani na godoro kichwani?

Ndiyo sababu ninatoa wazo hili kwa mashefu wa avenyu na kwa akina mama wa mtaa. Siku ya posho ya mwisho ya kila mwezi, parseli moja ifungue mlango kwa watoto wote wa avenyu waliozaliwa mwezi huo, wenyeji na waliohama. Kila nyumba ilete kitu kidogo: mandazi, sabuni, mkeka. Asiye na tarehe, mama yake achague moja, iandikwe kwenye daftari, na mtoto aambiwe: hii ni yako.

Mama yule wa Masisi nilimwomba achague. Alifikiri kidogo, akamtazama mwanawe, akasema tarehe 14. Nikamuuliza kwa nini 14. Akacheka: «Wewe umesema nichague.»

Tunaanza mwisho wa mwezi huu, palepale Ndosho. Redio naleta mimi. Betri mlete ninyi.