Adabu za Kutoa Vitu Mtandaoni

Siku hizi mwenye kitanda au friji asiyoihitaji tena huweka picha yake katika kundi la WhatsApp, na mwenye haja hujibu. Jambo hili ni jema, ila lina adabu zake.

Tumfikirie mkaazi wa Ndagoni, kisiwani Mafia. Kitu alichopewa Dar es Salaam husafirishwa hadi Nyamisati, huvushwa bahari hadi Kilindoni, kisha hupakiwa gari tena. Iwapo gharama hizo amezibeba yeye, na kitu kikafika kibovu, sadaka humgeukia hasara. Kwa hiyo tunamuusia mtoaji ataje kila kasoro, na waafikiane mapema nani atalipa usafiri. Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kuchagua kilicho duni tukakitoa, ilhali sisi wenyewe tusingekiridhia.

Aya ya 264 ya sura hiyo inaonya kwamba masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Kusambaza picha ya aliyepokea, akatambulikana kwa ufukara wake, twaona ni katika maudhi hayo.

Mpokeaji naye achukue kwa haja, si kwa tamaa, na ashukuru.