Chombo Kilichozaliwa Vifusini



Wahenga wetu walisema, baada ya dhiki faraja. Wiki hii twapenda kuyatazama maneno hayo kwa mfano wa chombo ambacho hata mitaa ya miji yetu ya pwani imekijua: skuta ya Kitaliano iitwayo Vespa.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, kiwanda cha Piaggio kilichokuwa kikiunda ndege mjini Pontedera kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu. Barabara zilikuwa mbovu, na wananchi hawakuwa na fedha za kununulia motokaa. Mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, hakuketi akalilia vifusi. Alitaka chombo chepesi, cha bei nafuu, kitakachoendeshwa na mwanamume na mwanamke sawasawa. Jaribio la kwanza halikumridhisha, ndipo alipomkabidhi kazi hiyo Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta.

La ajabu ni kuwa D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliziona zinachafua nguo, zinamtaabisha mpandaji, na tairi zake ni tabu kubadilisha. Basi kila aibu aliyoiona akaitafutia dawa. Aliacha nafasi wazi mbele ya kiti ili mtu apande bila ya kurusha mguu. Aliweka ngao ya bati mbele ya miguu, gia akazileta mkononi, injini akaifunika kando ya gurudumu la nyuma, na mnyororo akauondoa kabisa. Gurudumu la mbele alilishika kwa upande mmoja tu, kama la ndege, lipate kutolewa upesi.

Hataza iliandikishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Piaggio alipokiona chombo, kiuno chake chembamba na mlio wake vilimkumbusha nyigu, na nyigu kwa Kitaliano ni *vespa*. Mwaka uliofuata, Ferdinando Innocenti wa Milano alitoa Lambretta, mshindani wake mkubwa. Kufikia 1956, Vespa milioni moja zilikuwa zimekwisha kuundwa.

Wako wazipendao skuta hizo kongwe kwa umbo lake la mviringo na rangi zake za upole. Sisi twaupenda zaidi ule uangalifu uliomo ndani yake. Fundi alimfikiria mwenye vazi refu kabla ya kuifikiria kasi. Dini yetu nayo yatuhimiza tufanyapo kazi tuifanye kwa ukamilifu, na kumwondolea mtu madhara ni katika ihsani.

Hapa pana somo kwa nyumba zetu. Mama zetu na binti zetu hupanda bodaboda kila siku, na pikipiki hizo zina mnyororo na magurudumu yaliyo wazi. Pindo la buibui au ncha ya mtandio ikinaswa humo, mtu huangushwa, na huenda akapoteza uhai. Stara si kisingizio cha kuhatarisha nafsi, kwani nafsi ni amana. Basi kabla ya safari kusanya pindo, likalie vyema, funga mtandio usipeperuke, na vaa kofia ngumu. Nawe kijana mwendeshaji, usiondoe chombo mpaka umemuuliza abiria wako kama nguo yake i salama. Swali hilo halikugharimu kitu.

Twamuomba Allah awahifadhi wasafiri wetu wote, na awajaalie vijana wetu akili ya kugeuza vifusi kuwa riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.