Jua la Oktoba, Miche na Ndoo za Maji

  Mwezi huu naomba tuziache kidogo zile habari za simu zinazopokelewa uani kwa sauti ya chini, tuzungumzie kitu kinachovunja amani ya nyumba nyingi huku kwetu Laela: maji ya kumwagilia.

Najua wewe wa Dar ukisikia Ufipa unawaza sweta. Hujakosea. Juni na Julai mimi silali bila mablanketi mawili, na mume wangu, Mfipa wa kuzaliwa, ananicheka kila mwaka. Lakini ngoja Septemba iishe. Mvua ya mwisho imeshasahaulika, ya kwanza inasubiriwa Novemba, nyasi zimekauka, na jua linawaka kama lina ugomvi na mtu. Hewa yenyewe wala si ya moto kama ya Pwani. Ukikaa kivulini unapoa, ukitoka nje unaungua. Ndiyo kawaida ya nchi ya juu, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika.

Sasa sikia ya jirani yangu. Huyu mama alichukua mkopo kwenye kikundi chao cha VICOBA akaandaa miche 200 ya maparachichi kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki. Hesabu yake ilikuwa nzuri: mvua zikianza watu wanatafuta miche, anauza, anarudisha mkopo, kinachobaki ni ada ya mtoto. Miche akaipanga mstari mmoja mrefu pembeni mwa nyumba, upande wa kusini, juu ya sakafu ya saruji. Julai palikuwa na kivuli kizuri kweli. Oktoba majani yakaanza kujikunja, ncha zikawa kahawia. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia saa sita, akamwagilia jioni.

Piga hesabu na wewe. Kila kiriba robo lita, mara 200, ni lita 50. Hizo ni ndoo kubwa mbili na nusu. Mara tatu kwa siku ni ndoo saba na nusu, zinazobebwa kichwani na yeye na binti yake, msimu ambao foleni ya bombani unaikuta kabla jogoo hajawika. Baba watoto akachoka. "Watoto wanaoga nusu ndoo, miti inaoga saba!" Mama naye akajibu yake, si unajua tena. Wiki mbili wakawa wanasalimiana kwa kupitia watoto.

Mimi mapenzi ya watu siyaingilii, ila ile miche nilikwenda kuiona. Weka kiganja kwenye kiriba cheusi saa nane mchana, upande unaopigwa na jua. Unakitoa mbio. Plastiki nyeusi ikipigwa na jua kali, udongo ulio karibu na ukuta wake unaweza kupita nyuzi 50, na mizizi ya mimea mingi huanza kuumia kabla hata ya kufika 40. Mti ulio ardhini una udongo chini na pembeni wa kuipoza mizizi. Ulio kwenye kiriba, kopo au ndoo mbovu hauna pa kukimbilia, na mizizi hupenda sana kutambaa pembeni, pale pale kwenye moto. Ikishaungua haiwezi kunywa. Hapo hata ukimwaga kisima kizima, jani litaendelea kunyauka huku udongo umelowa chapachapa, halafu mizizi iliyobaki inaoza.

Kwa hiyo, shoga yangu, usiliamini jani la saa saba mchana. Mimea mingi hulegeza majani jua likizidi ili kupunguza kupoteza maji, na jioni yanasimama tena. Liangalie asubuhi na mapema. Likiwa limelala na asubuhi, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Pakavu, mwagilia. Pabichi, acha maji, hangaika na joto.

Halafu kuna hili la kivuli, ambalo ndilo lililomponza jirani. Kivuli cha nyumba kinahama! Sisi tuko kusini mwa ikweta, kiasi cha nyuzi nane na nusu. Juni na Julai jua la mchana limeegemea kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini una kivuli mchana kutwa. Katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita juu ya utosi kabisa, ukuta haukusaidii kitu, unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Baada ya hapo linaegemea kusini hadi mwishoni mwa Februari. Maana yake ile sehemu uliyoipenda wakati wa baridi ndiyo inayokuja kuchomwa. Upande wa kuaminika ni mashariki mwa nyumba: jua la asubuhi linaingia, na lile la alasiri, ambalo ndilo kali zaidi kwa chungu, linazuiwa na ukuta.

Miche 200 huwezi kuihamisha kila mwezi kama mpangaji. Ikafanyiwa hivi. Kwanza ikaondolewa kwenye saruji, maana saruji inakusanya joto mchana na kulirudisha hata jua likizama. Ikachimbwa tuta la kushuka chini, kina cha nusu kiriba, viriba vikapangwa humo vimebanana na pembeni vikafukiwa udongo. Wale wa katikati wanakingwa na wenzao, wale wa pembeni wanakingwa na udongo. Juu ya kila kiriba yakawekwa matandazo ya nyasi kavu, bila kugusa shina. Hapa Mfipa hafundishwi. Watu waliogundua ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi hufukiwa chini zioze, wanajua majani yanavyotunza udongo tangu enzi za mababu.

Kisha kichanja: miti minne, fito, na nyasi zilizotandazwa nyepesi ili jua lipenye kiasi, nusu kwa nusu. Usizibe kabisa, mche utarefuka kama mlingoti na kulegea. Pembeni paachwe wazi hewa ipite, isipokuwa upande wa kusini-mashariki, upepo wetu wa kiangazi unakotoka. Upepo ule ni mkavu, unanyonya maji kwenye jani. Gunia kuukuu linatosha. Mjini unaweza kununua neti ya kivuli, ila nyasi ni za bure na mimi bure naipenda.

Kama wewe una vyungu vitano tu vya maua barazani, wala usijenge kichanja. Vipake chokaa kwa nje, vyeupe havishiki joto. Vinyanyue kwa vipande viwili vya tofali. Au tumbukiza chungu kidogo ndani ya kikubwa na katikati jaza mchanga unaoulowesha. Chungu cha udongo kinajipoza chenyewe, ni kazi ile ile ya mtungi wa maji ya kunywa, ila kinakauka upesi kuliko plastiki, usikisahau. Na mbolea ya dukani iweke kando hadi joto lipungue. Chumvi zake kwenye udongo mkavu zinaunguza mizizi ambayo tayari iko hoi.

Maji yakawa mara moja kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, kabla udongo haujapata moto. Kutoka ndoo saba na nusu hadi mbili na nusu. Na fito za kichanja, jamani, alizikata nani? Baba watoto. Hakusema kitu, alirudi nazo begani jioni moja, akaomba nyundo.

Miche iliyokuwa imeungua mizizi haikurudi, ikang'olewa ikatupwa, mama akanuna siku nzima. Iliyobaki ikatoa majani mapya. Mvua zilipokaribia nyasi za juu zikapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki mbili, maana mche uliozoea kivuli ukiupeleka shambani ghafla unababuka kama mtoto mchanga.

Sasa baba watoto anataka miche 20 isiuzwe, ipandwe kwenye shamba lao. Mama anasema mkopo wa kikundi ni wa jina lake, si la shamba. Nilipopita jana jioni walikuwa bado wanabishana, ila safari hii wamekaa benchi moja.