Kukaa Benchi Marekani: Tunacheka Nini?

Kuna kauli naisikia vijiweni kuanzia Sirari mpaka Mugumu. Kijana akipata chuo Marekani kupitia michezo, halafu ikajulikana hachezi, yuko benchi, basi vicheko. "Kaenda kubeba chupa za maji." Mimi nabisha.

Chukulia futiboli yao, ile ya kofia ngumu. Chuo kikubwa kinaweza kuwa na wachezaji 100 na ushee, lakini kotabeki, yule anayepanga mashambulizi na kurusha mpira, kwa kawaida uwanjani ni mmoja tu. Wa akiba anaweza kumaliza msimu bila kuchafua jezi. Lakini akiwa na ufadhili kamili, ada, chumba, chakula na vitabu vinalipwa kama vya yule anayeshangiliwa. Sasa aliyeliwa hapo nani?

Sisi huku futiboli hiyo hatuna. Tuna mbio, na njia ilishafunguliwa. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, Mara hii hii, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati yake, Moscow 1980, akachukua fedha ya Olimpiki ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi Paris 2024, Tanzania ina medali 2 tu za Olimpiki. Nyingine ni ya Filbert Bayi, Moscow hiyo hiyo.

Na mbio za nyika za vyuo nazo zina benchi lake. Timu inakimbiza watu 7, pointi zinahesabiwa za 5 wa kwanza. Wa sita na wa saba ndio makotabeki wa akiba. Jumatatu wanaingia darasani kama wenzao.

Hasheem Thabeet mnamkumbuka. Alitoka Makongo, akacheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut, mwaka 2009 akachaguliwa wa pili NBA, wakati Stephen Curry alikuwa wa saba. Huko NBA benchi alilikalia kweli, na hapa kila mtu akageuka kocha. Haya, wangapi waliomcheka walishafika hata Namanga?

Kinachotuangusha sio benchi. Nyambui alipochukua ule ubingwa wa kwanza alikuwa na miaka 26. Siku hizi kwenye vyuo vya daraja la kwanza saa inaanza kuhesabu ukimaliza sekondari. Ukichelewa kuingia chuo huku unashindana mashindano rasmi, misimu yako inakatwa. Sasa kijana wetu anamaliza kidato cha nne, anaenda Nyamongo kuhangaika na mawe, au anarudi kuchunga, akijiambia mbio zipo tu. Miaka mitatu baadaye bado ana mbio kweli, ila mlango umebanwa.

Halafu matokeo. Wanaangalia Kiingereza, hesabu, sayansi na masomo ya jamii. Hapa ndipo napata hasira. Mtoto anang'ara UMISSETA, anazungushwa kambi hadi kambi, kombe linawekwa ofisini kwa mkuu wa shule, yeye hesabu anapata F. Kombe linabaki shuleni, F anaondoka nayo yeye.

Kuhusu mawakala wanaodai "hela ya kushika nafasi": nafasi ya ufadhili haiuzwi. Gharama halali zipo, kama ya viza, lakini unalipa kwa wahusika wenyewe. Na sio kila chuo kinatoa ufadhili wa michezo. Vya daraja la tatu havitoi kabisa, kwa hiyo anza na la kwanza na la pili. Barua pepe ya kocha kwa kawaida iko wazi kwenye tovuti ya chuo. Andika muda wako wa mita 5,000, mwaka uliomaliza shule, na matokeo yako yote, hata yale ya aibu. Nusu saa ya kafe inatosha.