Kuuliza “umeelewa?” hakutoshi mzazi anapopewa dawa ya mtoto

Kwenye dirisha la dawa, swali la mwisho huwa moja: “Umeelewa?” Jibu nalo huwa moja: “Ndiyo.” Foleni ni ndefu, mtoto analia, na hakuna mzazi anayependa kuonekana mzito wa kuelewa. Lakini mtoto atapona au hatapona kutokana na kinachofanyika nyumbani, si kutokana na jibu hilo.

Chukulia mama wa Ruaruke, wilayani Kibiti, ambaye mwanawe amepimwa na kukutwa na malaria. Amepewa dawa mseto ya ALu. Mtoto amemeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, na mama ameambiwa ampe ya pili “baada ya saa nane”. Mama mmoja atahesabu na kumpa saa 12 jioni, ambayo ndiyo sahihi. Mwingine atashika neno “saa nane” na kumpa saa 8 mchana, saa nne tu baada ya ile ya kwanza. Wote wawili waliitikia “ndiyo”.

Huyo wa pili hakuzembea. Kwa Kiswahili, “saa nane” ni urefu wa muda na pia ni saa ya mchana au ya usiku. Bahasha iliyoandikwa “1x2” nayo haisemi lolote kwa mtu ambaye hajawahi kuelezwa kwamba ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Kasoro hapo iko kwenye maelekezo.

Wataalamu huliita jambo hili urahisi wa matumizi, na wana namna ya kulipima. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinaangalia mambo matatu: mtumiaji amefanikisha alichokusudia? Imemgharimu juhudi na muda kiasi gani? Ameridhika?

Kipimo maarufu zaidi cha haraka kilitungwa mwaka 1986 na John Brooke, akiwa Uingereza katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation. Mtumiaji husomewa sentensi 10 kuhusu kifaa alichotoka kukitumia, nyingine za kusifu na nyingine za kulalamika, naye huchagua namba kuanzia 1, akipinga kabisa, hadi 5, akikubali kabisa. Majibu hukokotolewa kupata alama kati ya 0 na 100, na wastani unaojulikana ni kama 68. Kimetumika sana kupima programu za simu na vifaa vya afya.

Hata hivyo, kipimo hicho kinaeleza mtu anavyoona tu. Mama anaweza kukipa kipeperushi cha dawa alama za juu kwa sababu kina picha nzuri, kisha akakosea saa. Ndiyo maana wapimaji makini hawaishii kwenye maswali: humwachia mtu kifaa, wakakaa kimya na kutazama anakwama wapi.

Historia ya dawa za malaria nchini inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuingia SP, iliyomezwa mara moja tu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja ALu, yenye nguvu zaidi, lakini yenye dozi sita kwa siku tatu. Kazi iliyokuwa ikimalizika mbele ya mhudumu ikahamia mikononi mwa mzazi. Tena vidonge vilikuwa vichungu, ikabidi kuvisaga, na watoto wakavitema.

Mwaka 2009 kikaletwa kidonge cha ALu cha watoto, kitamu, kinachoyeyuka kwenye maji kidogo. Kabla ya hapo kilijaribiwa kwa watoto 899 katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kikatibu sawasawa na kile cha kusagwa. Hakuna mzazi aliyefundishwa upya kumbana mtoto mdomo. Kilichobadilishwa ni kidonge.

Kwa mzazi, kipimo hiki hakihitaji fomu wala kompyuta. Badala ya kuitikia, amwambie mhudumu: “Ngoja nikueleze nitakavyompa, unisahihishe.” Aombe saa halisi ziandikwe kwenye bahasha, kwa mfano “leo saa 12 jioni”, kisha kesho na keshokutwa asubuhi na jioni. Akitega kengele ya simu yenye saa 24, akumbuke saa 12 jioni huandikwa 18:00.

Mhudumu naye akisema “hebu nionyeshe” badala ya “umeelewa?”, atagundua mtego wakati bado unaweza kuteguliwa. Na akina mama kadhaa wakikosea mahali pale pale, cha kurekebisha ni maelezo.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Mama akienda shamba, anayempa mtoto dozi mara nyingi ni bibi, baba au dada mkubwa. Huyo ndiye mtumiaji halisi wa dawa. Kabla ya kuondoka, mama amkabidhi pakiti na kumwomba aeleze atampa mtoto nini, na saa ngapi.