Ukitaka kumhesabu mbwa mwitu, okota kinyesi

Kati ya Oktoba 2020 na Aprili 2021, watu wapatao 3,000 walizunguka milima na misitu ya Italia wakitafuta mavi. Walikuwamo askari wa misitu, watafiti, wafanyakazi wa hifadhi na watu wa kujitolea. Wakijumlishwa, walitembea kilomita 85,000 hivi, zaidi ya mara mbili ya mzingo wa dunia. Kinyesi kibichi kilichukuliwa kipande kikapelekwa maabara. ISPRA, taasisi ya serikali ya mazingira, ilipomaliza hesabu ikatangaza kwamba nchi ina mbwa mwitu wapatao 3,300. Hakuna aliyelazimika kukamatwa ili ahesabiwe.

Jina lake lisimchanganye msomaji. Huyu si mbwa mwitu wa Selous, mwenye mabaka na masikio ya duara. Ni yule wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kusoma Biblia tu. Ukijivu wake ndio unaowatesa wahesabuji. Chui hutambulika kwa madoa na pundamilia kwa milia, lakini mbwa mwitu watano wakipita usiku mbele ya kamera iliyofungwa mtini, nani ataapa kwamba si wale wale wa juzi?

Kinyesi kitaapa. Kikipita utumboni hutoka na seli za ukuta wa utumbo, na ndani ya seli mna vinasaba. Maabara ikivisoma humjua mnyama mmoja mmoja, jinsia yake, na mara nyingi hata wazazi wake. Humgundua pia chotara aliyezaliwa na mbwa wa kufugwa, ambaye jicho la mtu humpitisha kirahisi. Kisha huja hesabu yenyewe: vipande vingi vikiwa vya wanyama waliokwisha kujulikana, waliobaki kufichika ni wachache, kila kipande kikileta mgeni, kazi bado mbichi.

Mfano mzuri kuliko yote uko Isle Royale, kisiwa cha Marekani katika Ziwa Superior. Huko mbwa mwitu wamefuatiliwa tangu 1958, na majira ya baridi watafiti huwahesabu wakiwa katika ndege ndogo. Mwaka 1997 dume mmoja alivuka barafu kutoka Kanada akaingia kisiwani. Watafiti walimwona kwa macho yao, mara nyingi, bila kujua kwamba ni mgeni. Siri ilitoka baadaye, vinasaba vya kinyesi vilipochunguzwa: damu ya dume huyo ilikuwa imeenea karibu kisiwa kizima. Rubani asingeweza kuyaona hayo, hata angeruka chini namna gani.

Njia nyingine ina raha yake. Mtafiti husimama gizani, akaweka mikono mdomoni na kulia kama mbwa mwitu, kisha akangoja. Mwisho wa kiangazi, vilio vyembamba vya watoto vikijibu, inajulikana kwamba kundi limezaa. Ila idadi haipatikani hivyo. Mbwa mwitu wawili wakipandisha na kushusha sauti huweza kusikika kama kumi, na kimya chao hakithibitishi kwamba hawapo.

Wapenzi wa kola za redio nao wana hoja. Slavc, dume wa Slovenia aliyevishwa kola mwaka 2011, alitembea zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Austria hadi milima ya Lessinia, karibu na Verona, akakutana na jike ambaye Waitaliano, kwa kukumbuka Shakespeare, walimwita Giulietta. Kinyesi kisingesimulia safari hiyo siku kwa siku. Lakini kola hudai mtego au sindano ya usingizi, mnyama huweza kuumia, na haiwezekani kumvisha kila mmoja. Kola imfuate msafiri. Kuhesabu taifa zima ni kazi nyingine.

Na sasa hesabu hiyo inaamua nani apigwe risasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Italia ilikuwa imebakiwa na mbwa mwitu kama 100, ikawalinda. Wakaongezeka, na mwaka 1992 wakaonekana tena Ufaransa, wakiwa wametokea Italia. Desemba 2024 nchi za Mkataba wa Bern, unaolinda wanyamapori wa Ulaya, zilipiga kura kupunguza kiwango cha ulinzi wao, na Umoja wa Ulaya ukabadilisha sheria yake mwaka uliofuata. Mfugaji aliyeamka na kukuta kondoo wake wamechanwa ana haki ya kusikilizwa. Hana haki ya kudanganywa kwa makisio, wala mnyama hapaswi kufa kwa makisio hayo. Serikali inayotoa vibali vya kuua bila kurudia sensa ya namna ile inabahatisha.

Wafugaji wenyewe wapewe vibomba vya sampuli na malipo ya kazi. Wao hupita njia hizo kila siku, na ni vigumu kuibishia hesabu uliyoikusanya kwa mkono wako. Kazi ya kuokota hufaa zaidi kuanzia Oktoba, baridi inapoanza kuhifadhi vinasaba visioze. Fedha za maabara zinatakiwa kabla ya hapo.